Chungu Kimoja Kwanza: Kuwapeleka Watoto kwa Wamaya kupitia Makumbusho ya Mtandaoni

Mara ya kwanza nilipowafungulia watoto wa darasa la tano ziara ya mtandaoni ya Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia ya jijini Mexico, kazi nzima iliisha kwa dakika kumi na mbili. Projekta ilikuwa nzuri, bando lilitosha, umeme haukukatika. Mtoto aliyeshika kipanya aliuzungusha ukumbi kushoto, akauzungusha kulia, akaruka chumba hadi chumba, akatazama dari, wenzake wakashangilia. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, hakuna nyingine?" Nilipowauliza wameona nini, jibu lilikuwa neno moja: mawe.

Hawakukosea. Walichoonyeshwa kilikuwa mawe, mengi, kwa kasi, bila mtu wa kuyasemea. Tangu siku hiyo nimelirudia somo hilo na madarasa kadhaa hapa Tanga, na nimeona kwamba ugumu wake una pande mbili ambazo mwalimu au mzazi asipozitenganisha zitamvuruga. Upande mmoja ni chombo chenyewe: ziara ya mtandaoni inaweza nini na haiwezi nini. Upande wa pili ni Wamaya, watu ambao karibu kila mtoto huwasikia kwanza kwa uongo: kwamba walitoweka, kwamba walitabiri mwisho wa dunia, au kwamba majengo yao walijengewa na viumbe kutoka angani.

Tuanze na chombo. Watu husema "ziara ya mtandaoni" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu. Kuna picha za mzunguko, zile unazotembea ndani yake kama unavyopita barabarani kwenye ramani ya simu. Hizo ndizo zilizonishinda siku ile. Zinafaa kumwonyesha mtoto ukubwa wa ukumbi na mpangilio wake, lakini ukisogea karibu na kitu picha inafifia na maelezo hayasomeki. Kuna picha za kitu kimoja kimoja, zilizopigwa kwa ubora wa juu hata ukizikuza unaona ufa na mchirizi wa brashi. Na kuna vitu vilivyopigwa picha pande zote, zikaunganishwa na kompyuta, ukaweza kukigeuza kitu kwenye kioo kama unavyogeuza embe mkononi kuangalia kama limeoza.

Aina ya kwanza humpa mtoto mahali, ya pili humpa undani, ya tatu humpa umbo. Kosa langu lilikuwa kuanza na mahali. Mtoto hapapendi mahali ambapo hamjui mtu wa pale hata mmoja. Siku hizi naanza na kitu kimoja, tunakaa nacho kipindi kizima, na ukumbini tunakwenda baadaye kuwatafuta ndugu zake.

Lakini ramani haiepukiki, na hapa sichukui muda mrefu. Nchi ya Wamaya ni kusini mwa Mexico pamoja na rasi ya Yucatán, Guatemala yote, Belize, na sehemu za magharibi za Honduras na El Salvador. Enzi ambayo wataalamu huiita ya Kale hasa ni kati ya mwaka 250 na 900 hivi, ingawa miji mikubwa ilikuwepo karne nyingi kabla. Watoto huwachanganya na Waazteki, ambao mji wao Tenochtitlan ulianzishwa 1325, na Wainka, ambao kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Halafu huuliza: mfalme wao alikuwa nani? Hapo mtoto wa pwani ana bahati. Mwambie Wamaya walikuwa kama Kilwa, Mombasa, Pate na Lamu: kila mji na mtawala wake, wakioana, wakifanya biashara, wakipigana, wakijuana kwa dini na kwa mila, wala hapakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Tikal na Calakmul zilishindana kwa vizazi, na miji midogo ikichagua upande. Mtoto akishika hilo, maswali mengi yanajijibu yenyewe.

Sasa chungu. Mwaka 1984, katika kaburi la Río Azul kaskazini mwa Guatemala, wanaakiolojia walikuta chungu cha udongo cha karne ya 5 chenye mkono wa kushikia na kifuniko kinachofungwa kwa kukizungusha. Leo kiko katika makumbusho ya akiolojia ya Guatemala City na picha zake zinapatikana mtandaoni. Naiweka picha ukutani na sisemi chochote. Nawaachia dakika tano za kutazama tu, na ninataka kila mmoja aniambie kitu ambacho mwenzake hajakiona. Wanaanza na rangi, wanaingia kwenye mkono, kisha lazima mmoja aseme, "Kifuniko kinafungwa kama cha chupa ya chai." Naam. Mtu aliyekitengeneza hakutaka kilichomo kimwagike, kwa hiyo kilichomo kilikuwa na thamani. Kilikuwa nini?

Jibu limeandikwa juu ya chungu chenyewe, na hapa ndipo mtoto anayesoma Kiswahili anapomshinda mtoto wa lugha nyingine nyingi. Maandishi ya Wamaya yalichanganya aina mbili za alama. Baadhi zilisimama badala ya neno zima. Nyingine zilisimama badala ya silabi, yaani konsonanti na irabu yake: ba, be, bi, bo, bu. Kila mtoto wetu amejifunza kusoma kwa wimbo huohuo. Neno la chui mkubwa wa Amerika, yaani jagwa, ni balam. Mwandishi angeweza kuchora kichwa cha jagwa peke yake, au kuandika ba-la-ma kwa silabi tatu, au kuchora kichwa na kukibandika silabi za kumsaidia msomaji. Irabu ya mwisho haikutamkwa. Kwenye chungu cha Río Azul kuna alama ya samaki, ambayo husomeka "ka". Kuna nukta mbili ndogo zinazomwambia msomaji arudie. Mwisho kuna "wa". Nawaacha watoto wasome wenyewe: ka, ka, wa. Kuna kimya kidogo, halafu darasa linalipuka: "Kakao!"

Ndiyo, kakao. Neno letu lilipitia Kihispania kabla ya kutufikia, lakini mizizi yake iko kwenye kifuniko kile. Masalia yaliyokwanguliwa ndani ya chungu yalipimwa maabara yakathibitisha: kilikuwa na kinywaji cha kakao. Wamaya waliinywa ikiwa na povu, mara nyingi na pilipili, na punje zake zilitumika hata kama fedha sokoni. Mtoto mwenye ndugu Kyela, wanakolima kakao, anapata la kusimulia, na mimi namwachia asimulie.

Namna dunia ilivyojifunza kuyasoma tena maandishi hayo inastahili kipindi chake. Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, mtawa wa Kihispania Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto, kwa kuwa aliviona ni kazi ya shetani. Leo tunavyo vinne tu. Mtu huyohuyo, miaka michache baadaye, alimketisha mwandishi wa Kimaya na kumtaka amwandikie abjadi. Landa alitamka herufi moja moja kwa Kihispania. Aliposema "be", akikusudia herufi B, mwandishi alichora alama ya silabi be: wayo la mguu juu ya njia, kwa sababu njia kwa lugha yake ni be. Landa alidhani amepata abjadi. Alichopata kilikuwa silabi. Karibu miaka mia nne wasomi waliihangaikia orodha yake isilete maana, mpaka 1952, Yuri Knorozov, akiwa Leningrad na hajawahi kukanyaga nchi ya Wamaya, alipotambua kwamba mwandishi yule aliandika sauti alizozisikia. Nawafanyia watoto mchezo huo: mmoja anataja herufi, mwenzake anachora picha ya kitu kinachoanza na silabi ile. Kwa "ka", wengi huchora kaa.

Tena waambie habari za David Stuart. Alitoa mada yake ya kwanza mbele ya wataalamu wa Wamaya huko Palenque, mji wao wa kale ulioko Mexico, mwaka 1978, akiwa na miaka 12. Yeye ndiye aliyeisoma "kakaw" ya Río Azul. Sijaona darasa ambalo habari hiyo haikuwainua watoto vichwa.

Kwenye hesabu naweka kompyuta pembeni kwanza. Tunahitaji kokoto, vijiti na magamba ya kombe, vitu ambavyo Tanga havinunuliwi. Kokoto ni moja, kijiti ni tano, gamba ni sifuri. Wamaya walikuwa na alama ya sifuri, na walihesabu kwa ishirini ishirini, vidole vya mikono na miguu, wakipanga tarakimu kutoka chini kwenda juu. Ghorofa ya chini ni moja moja, ya pili ni ishirini ishirini, ya tatu ni mia nne mia nne. Tuseme shule ina wanafunzi 820. Mia nne zimo mara mbili: kokoto mbili juu. Imebaki ishirini, nayo imo mara moja: kokoto moja katikati. Hakuna kilichobaki: gamba chini. Watoto wanaosumbuliwa na maana ya sifuri katika 205 wameielewa kwa kuliweka gamba mezani, kwa sababu gamba linashika nafasi, linaonekana, na ukilitoa namba yote inaharibika.

Wakishazoea, ndipo narudi kwenye kioo na kufungua kitabu kinachoitwa cha Dresden, kwa jina la mji wa Ujerumani kinakohifadhiwa. Maktaba ya huko imekiweka chote mtandaoni bure. Ni karatasi ya maganda ya mti iliyopakwa chokaa na kukunjwa mithili ya kipepeo cha mkono. Ukikikunjua kina urefu wa mita tatu na nusu hivi. Watoto wanakwenda ubaoni na kuzitambua nukta na vijiti kwenye ukurasa halisi, walizozipanga mezani nusu saa iliyopita. Mwaka jana mtoto mmoja mkimya sana aliweka kidole juu ya ukuta, kwenye nguzo ya namba, akasoma, "Kumi na mbili." Ilikuwa vijiti viwili na nukta mbili. Hakuna maelezo yangu ambayo yangempa alichopata pale: amesoma kitabu cha Wamaya kwa macho yake.

Kalenda huwatisha walimu, lakini watu wa pwani wanaijua kazi hii. Sisi tunaishi na kalenda mbili kwa pamoja. Mtoto anajua Ramadhani mwaka huu haiji tarehe ya mwaka jana, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi. Bibi yake wa Unguja huenda anaujua na wa tatu, wa Nairuzi, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Wamaya nao waliendesha kalenda mbili sambamba. Moja ilikuwa ya ibada na uaguzi, siku 260, zinazopatikana kwa namba 1 hadi 13 kuzunguka pamoja na majina 20 ya siku. Ya pili ilikuwa ya jua, miezi 18 ya siku 20, na siku tano za nyongeza zilizoogopwa. Siku moja ina majina mawili, moja kwa kila kalenda, na jozi ileile hairudi mpaka zipite siku 18,980, yaani miaka 52. Tunaifanya kwa shanga: nyuzi mbili, mmoja mfupi, mmoja mrefu, tukizisogeza shanga moja moja kila upande. Kwa namba ndogo, mfano shanga 4 na shanga 6, watoto wanagundua wenyewe kwamba mwanzo unarudi baada ya hatua 12, na bila kukusudia wamefika kwenye kigawe kidogo cha shirika.

Kwa historia ndefu Wamaya walikuwa na hesabu ya tatu, iliyojumlisha siku tangu mwaka 3114 kabla ya Kristo. Hapo ghorofa ya tatu ni siku 360, si 400, ili ikaribiane na mwaka. Tarehe 21 Desemba 2012 duru kubwa moja ya hesabu hiyo ilitimia, kama kipima mwendo cha gari kinapogeuza tisa zote kuwa sifuri. Gari halilipuki. Huko Palenque kuna maandishi yanayotaja tukio la mwaka 4772, kwa hiyo hao waliosingiziwa kutabiri mwisho walikuwa wanaweka miadi ya mbele zaidi ya mjukuu yeyote tunayeweza kumfikiria.

Palenque ndiko aliko mtu ninayemtumia kuwaingiza watoto ukumbini. K'inich Janaab' Pakal alizaliwa 603 na akatawazwa 615, akiwa na miaka 12. Darasa la sita linatulia kabisa likisikia hivyo. Alitawala mpaka alipofariki 683. Kuhusu kaburi lake, simulizi yenyewe inatosha: Alberto Ruz Lhuillier, mwanaakiolojia wa Mexico, aliona bamba la sakafu katika Hekalu la Maandishi lina matundu yaliyozibwa kwa vizibo vya mawe. Aliliinua akakuta ngazi iliyojazwa kifusi makusudi. Ilichukua misimu minne kukitoa. Mwaka 1952 alifika chini na kumkuta mfalme amelala, usoni ana kinyago cha vipande vya jiwe la kijani la jade, macho yake ya gamba na kioo cheusi cha volkeno. Katika ukumbi wa Wamaya wa makumbusho ya Mexico kuna mfano wa kaburi hilo, na sasa picha za mzunguko zina kazi: watoto wanatembea wakijua wanamtafuta nani. Kinyago kiliibwa usiku wa Krismasi 1985 na kikapatikana 1989, jambo linaloamsha mazungumzo makali kuhusu kwa nini mtu aibe uso wa mfu.

Hapa mwalimu ajiandae. Mtoto akitafuta Pakal kwenye simu ya baba yake, atakutana na video zinazodai mchoro wa mfuniko wa jeneza lake la jiwe unaonyesha rubani wa chombo cha anga. Mchoro unaonyesha mfalme kwenye taya za kuzimu, na juu yake mti wa dunia wenye ndege kileleni. Alama hizohizo zimo katika kazi nyingine nyingi za Wamaya. Mimi nalisema hili bila kulainisha, maana linatuhusu. Waafrika waliambiwa Great Zimbabwe hawakuijenga wao. Kilwa na miji yetu ya mawe ilidaiwa miaka mingi kuwa kazi ya wageni tu. Anayesema Wamaya walijengewa na watu wa angani anasema neno lilelile kwa watu wengine, na mtoto wa Kiafrika ana haki ya kulitambua anapolisikia. Wamaya walichonga kwa zana za mawe, bila chuma, bila punda wala farasi, na magurudumu hawakuyatumia kwa mizigo. Walichoma mawe ya chokaa kupata chokaa ya kupaka, kama wazee wetu walivyochoma matumbawe.

Sasa swali linaloulizwa kila mara, tena kwa huzuni: "Walikufa wote?"

Nawapeleka Gedi, karibu na Malindi. Gedi ulikuwa mji wa Waswahili, na misikiti, jumba la mtawala, visima na njia zake. Ulihamwa katika karne ya 17, msitu ukaumeza. Je, Waswahili walitoweka? Watoto wanacheka, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa. Ni hivyohivyo. Katika karne ya 9 miji mingi ya kusini ya Wamaya, Tikal mmojawapo, iliacha kusimamisha nguzo za kumbukumbu za wafalme na ikahamwa pole pole. Ukame mrefu ulikuwemo, vita vilikuwemo, na watu wengi kwenye ardhi iliyochoka pia. Lakini kaskazini Chichén Itzá ilistawi baada ya hapo, na mji wa mwisho huru wa Wamaya, Nojpetén, uliangukia mikononi mwa Wahispania 1697 tu. Leo mamilioni ya watu wanazungumza lugha za Kimaya, Guatemala peke yake ikizitambua 22. Rigoberta Menchú, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992, ni Mmaya wa K'iche'. Kwa hiyo nimeacha kabisa kusema "Wamaya waliamini" bila kuongeza "wa wakati ule", kwa sababu wakati uliopita unaua watu walio hai.

Kioo kina upungufu mmoja mkubwa ambao picha nzuri haziutibu: hakina kipimo. Kinyago cha Pakal na Hekalu la Nne la Tikal vyote vinaenea kwenye ukuta uleule wa darasa. Dawa yangu ni kamba ya katani. Tunatoka uwanjani, tunapima mita 65, takriban kimo cha hekalu hilo, watoto wanajipanga juu ya kamba na kuambiwa wafikirie imesimama wima. Uwanja mkubwa wa mpira wa Chichén Itzá una urefu wa mita 168, na uwanja wetu wa kandanda unaisha kabla ya hapo. Ule mchezo wenyewe unahitaji neno. Mpira wao ulikuwa mzito, ulitengenezwa kwa utomvu wa mti, nao waliupiga kwa nyonga. Katika Kiswahili kile kitu kinachodunda na ule utomvu unaokitengeneza vina jina moja, na watoto hawakuwahi kujiuliza kwa nini. Watu wa eneo lile ndio wa kwanza kuutumia utomvu huo kutengeneza mipira ya kuchezea.

Tukishakunja kamba, nawauliza imetoka wapi. Mkonge, wanasema, na wanaonyesha kidole upande wa mashamba. Ndipo ninapowaambia kwamba mkonge uliletwa hapa 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida, miche 62 tu ikiwa hai, na kwamba asili yake ni kusini mwa Mexico, nchi ya Wamaya, ambako bandari ya Yucatán iliyosafirisha nyuzi za namna hii inaitwa Sisal. Mahindi nayo asili yake ni Mexico. Shamba la Mmaya lina mahindi, maharage yanayopanda juu ya mabua, na maboga yanayofunika ardhi. Mtoto wa Lushoto hahitaji picha ya shamba hilo.

Yapo magumu ambayo siyafichi kwa darasa la sita na la saba. Katika jumba la British Museum, London, kuna jiwe la juu ya mlango kutoka Yaxchilán, mji mwingine wa Wamaya, lenye tarehe ya mwaka 709. Bi K'abal Xook amepiga magoti mbele ya mumewe mfalme, anayeshika mwenge, naye anapitisha kamba yenye miiba kwenye ulimi wake. Naeleza kwamba waliamini miungu ilijitoa ili watu wapate kuwepo, na watawala wakawa wanalipa deni kwa damu yao wenyewe. Naeleza pia kwamba mateka wa vita waliuawa. Wadogo nawaachia mahindi na kakao. Ila sianzi kamwe na damu, maana mtoto akianza na damu hataona kingine.

Jiwe hilohilo linaleta swali jingine: limefikaje London? Alfred Maudslay alilipeleka miaka ya 1880. Huyohuyo alipiga picha za vioo na kutengeneza nakala za plasta za michongo mingi, ambazo sasa British Museum na Google wameziweka mtandaoni, na baadhi ya nakala hizo zina undani ambao mvua imeshaufuta kwenye mawe yenyewe. Ni mema na mabaya katika mtu mmoja. Nawaachia watoto wabishane, wala siwapi jibu.

Kwa upande wa vitendo, pakua picha usiku uliotangulia, maana mtandao ukikwama katikati ya ka-ka-wa umelipoteza darasa. Chapisha moja au mbili kwa wanaokaa nyuma. Mzazi wa nyumbani mwenye simu tu anaweza kufanya haya yote kwa picha tatu: chungu, ukurasa wa Dresden, kinyago.

Namalizia kila mara kwa sauti. Makumbusho ya Taifa ya Wahindi wa Amerika ya Marekani yana kurasa kuhusu kalenda na mahindi ambamo Wamaya wa leo wanazungumza wenyewe. Baada ya kuwasikiliza, tunajifunza kuhesabu kwa K'iche': jun, keb', oxib', kajib', job'. Ile b ya mwisho inamezwa kooni, na watoto wanapenda kujaribu. Safari iliyopita yule mtoto mkimya alikuwa akihesabu kwa kuweka kokoto mezani, moja kwa kila neno. Alipofika job' alisita, akaziondoa zote nne, akaweka kijiti.